Punje Nyeupe Kwenye Kibuyu

Aliyekuwa nami Jumapili iliyopita anajua tulimwacha wapi Nashilu. Tulimwacha amesimama uani kwa mumewe, jivu limemwagwa miguuni pake, na ndani ya jivu lile maganda ya vidonge, mekundu kwa bluu, tele. Aliyeyamwaga ni wifi yake, Simaloi, aliyeolewa Kimandolu, mwanamke ambaye akija kukusalimia inabidi ufunge kabati kwanza.

Wewe uliyeingia leo, sogea nikupe kwa kifupi, wenzako wasituchoke.

Lesian ni dalali wa mnada wa ng'ombe, huku magharibi ya Mlima Meru. Akipandisha bei, sauti yake ilifika barabara ya lami. Kisha tumbo likaanza kumchoma. Hospitali ya mjini wakamwambia ni vidonda vya tumbo, wakampa kapsuli za wiki chache. Alipofika nyumbani akazitupa juu ya kabati.

"Mimi mtoto wa Nkasiogi nimeze vidonge?" alisema. "Nani atanunua tena dawa kwa mama yangu?"

Na kweli. Mama yake, Nkasiogi, anachemsha supu ya mizizi ambayo watu wanaifuata kutoka Engutoto mpaka Tengeru. Mwanawe kumeza vidonge ingekuwa sawa na kumtangaza mama mwongo sokoni.

Sasa mke afanyeje, amwangalie mume anatapika nyongo? Nashilu alizishusha zile kapsuli kutoka juu ya kabati. Akawa anafungua moja kila siku, anamwaga punje zake nyeupe kwenye kibuyu cha maziwa ya mgando, anatikisa, anampa. Maganda alikuwa hayachomi, aliogopa harufu. Aliyafukia kwenye jivu la jikoni.

Lesian akapona. Sifa zikaenda kwa mizizi. Kila Nashilu alipojaribu kuacha, tumbo lilimrudia mumewe, naye akarudi duka la dawa kununua nyingine bila kumwuliza daktari. Mwaka ukapita, ukaingia wa pili. Ndipo Lesian akaanza kuchoka. Uchovu gani huo, jamani! Analala amechoka, anaamka amechoka zaidi. Mapaja yanamuuma kama aliyepigwa rungu, misuli inamkaza, vidole vinatetemeka. Mnadani sauti ikafa.

Watu wakasema amelogwa. Na Simaloi, alipochota jivu akaweke kwenye migomba, akayakuta maganda. Hapo ndipo tulipofika.

"Limbwata!" Simaloi alipiga kelele mpaka ng'ombe zizini wakageuka. "Kaka yangu alikuwa anamwangusha dume kwa mikono yake. Leo hawezi kufunga kamba ya kiatu! Kikulacho ki nguoni mwako, mimi nilisema!"

"Simaloi, nyamaza." Aliyesema ni Mzee Solomoni, baba mdogo wa Lesian, mzee wa kanisa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, fimbo katikati ya magoti, akamgeukia Nashilu. "Mama Naipanoi, mwanangu. Hivi ni vitu gani?"

Nashilu alimtazama mumewe. Lesian alikuwa kwenye kiti, amejifunika shuka mbili, na jua limewaka.

Kisha akamtazama mama mkwe wake. Yeyo, ndivyo wote wanavyomwita, yaani mama. Alitegemea Yeyo ndiye atakayemrukia wa kwanza. Yule ni mwanamke anayemjibu mchungaji katikati ya mahubiri! Lakini Yeyo alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta nyuzi za shuka yake.

"Ni dawa ya tumbo," Nashilu alisema. "Ile ya hospitali. Nilikuwa nafungua, naweka kwenye maziwa yake."

"Tangu lini?"

"Tangu alipozitupa."

"Na zilipokwisha?"

"Nilinunua nyingine, baba. Nikiacha anaumwa. Nikaona bora niendelee."

"Ulimwuliza daktari?"

Nashilu akatikisa kichwa. Machozi yalishafika, akayafuta kwa mkono wenye jivu.

Lesian ndiye aliyezungumza baada ya hapo, tena taratibu, kama anayeongea na mtoto.

"Kwenye kibuyu?"

Nashilu akaanza kuyazoa maganda kwenye jivu.

"Nakuuliza, Mama Naipanoi. Kwenye kibuyu changu?"

Huku kwetu kibuyu cha mume ni cha mke kukitunza. Ni yeye anakiosha, ni yeye anakifukiza kwa kijinga cha mti wa oloirien mpaka maziwa yanukie moshi, ni yeye anakifunga. Mwingine hakifungui. Mwanamume akipewa hakichungulii, anainua tu anakunywa.

"Nilikuwa nakunywa nimefumba macho," Lesian alisema. "Nikampeleka mbuzi kanisani kwa shukrani. Nikamnadi mwenyewe baada ya ibada, nikasema mbele ya usharika mzima, mizizi ya mama yangu imeniponya. Wewe ulikuwa umekaa pale. Unapiga makofi."

"Ningesema nini, baba Naipanoi? Ulikuwa umepona."

"Ungesema kweli."

"Ungekubali kunywa?"

 Lesian akageuzia uso wake ukutani.

Mzee Solomoni akagonga fimbo chini. Alisema mgonjwa apelekwe hospitali kwanza, maneno ya limbwata yasubiri. Na kuanzia siku hiyo Nashilu asiguse chakula cha mumewe. Atapikiwa na mama yake.

Yeyo alinyanyua kichwa aliposikia hivyo. Akafungua mdomo, akaufunga. Nashilu aliliona hilo, akadhani ni hasira. Laiti angejua!

Hospitalini waliingia kwa daktari mmoja mwanamke, Daktari Diana, mpole, mwenye mkono wa kuandika haraka. Nashilu akamweleza yote bila kuficha. Alishachoka kuficha.

"Dawa hii ni nzuri, na imewasaidia wengi," daktari alisema. "Inawezekana ndiyo iliyookoa tumbo la mume wako, na vidonda hivi huua. Lakini ina muda wake. Mtu akiitumia muda mrefu bila kuangaliwa, wengine inawashushia madini fulani mwilini, yanaitwa magnesiamu. Yakishuka unapata uchovu huu, misuli kuuma, kukaza, kutetemeka. Si kwa kila mtu, na inaweza kuwa kitu kingine pia. Tupime damu."

Wakapima. Majibu yaliporudi daktari alikunja uso.

"Yako chini. Tena chini sana kwa kapsuli moja kwa siku. Una hakika ni moja?"

"Moja, daktari. Naapa."

"Hakuna nyingine anayopewa?"

"Nani ampe? Mwenyewe hataki hata kuziona."

Lesian alikuwa amekaa hapo hapo, anatazama dirisha. Daktari akampa dawa za kurudisha madini, akampa na nyingine ya tumbo ya kunywa likimchoma, akaeleza kwamba zile kapsuli zikikatwa kiungulia kinaweza kurudi kwa muda, wasiogope. Warudi baada ya wiki chache. Zikishakoma kuingia mwilini, nguvu zitarudi.

Walipotoka nje Nashilu alimshika mkono amsaidie kushuka ngazi. Lesian aliutoa ule mkono polepole, akashika ukuta.

Jamani, kuna kupigwa na kuna hivyo. Nashilu alisema baadaye kwamba bora angempiga.

Nyumbani aliendelea kukiosha kile kibuyu kila asubuhi, akakifukiza, akakifunga, akakitundika. Hakina kitu ndani. Naipanoi, binti yao, alimwuliza, "Mama, mbona unakiosha na baba hanywi?" Akamjibu kibuyu kisipofukizwa kinaoza. Ni kweli kinaoza, lakini siyo sababu.

Lesian alikula kwa mama yake tu. Asubuhi supu ya mizizi, mchana loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, jioni supu tena. Tumbo halikumchoma. Hata yule mdudu wa kiungulia aliyetabiriwa na daktari hakuja. Simaloi akapata la kusema.

"Mmeona? Mizizi inatosha! Ilikuwa inatosha siku zote! Huyu alikuwa anaharibu tu!"

Lakini nguvu hazikurudi. Nashilu alikuwa akimwangalia kwa mbali, kama mtu anayechungulia kwake mwenyewe kutoka kwa jirani. Alimwona akinyanyuka kwa kushika nguzo. Siku moja mguu ulimkaza akiwa zizini, akaanguka kwenye samadi, akapiga kelele kama mtoto, yeye Lesian, aliyetahiriwa bila kupepesa jicho. Nashilu akakimbia. Alipofika, mumewe akamwambia, "Mwite Yeyo."

Siku ya kurudi hospitali, Simaloi alienda nao. Alisema anataka kusikia kwa masikio yake.

Damu ikapimwa. Daktari Diana akatazama karatasi, akamtazama Lesian, akamtazama Nashilu.

"Haya madini hayajapanda hata kidogo. Na dawa mnasema anakunywa."

"Anakunywa," alisema Simaloi. "Namhesabia mimi nikija."

"Basi kwa ninavyoona mimi, zile kapsuli bado zinaingia mwilini mwake. Kuna mtu bado anampa."

 Simaloi aligeuka, akamtazama wifi yake kuanzia ukosi mpaka viatu.

"Si mimi," alisema Nashilu. "Sijagusa hata kikombe chake. Baba Naipanoi, unajua sijagusa."

Lesian alichukua fimbo yake.

"Hata zamani sikujua," akasema.

Kikao kilikaa siku iliyofuata, na hakikuchukua muda. Mzee Solomoni hakuwa mtu mbaya, msimchukie. Alimwambia Nashilu kwamba hakuna anayemfukuza. Aende tu kwa kaka yake, Tengeru, apumzike, mgonjwa aangaliwe akiwa hayupo. Akipata nafuu, watazungumza. Naipanoi abaki, ana shule.

"Na akipata nafuu nikiwa sipo," Nashilu aliuliza, "mtasema nini?"

Mzee akakuna kidevu.

"Tutakuwa tumejua, mwanangu."

Yaani ndiyo basi. Nashilu alielewa, nawe umeelewa. Akienda Tengeru, na anayempa kapsuli akaogopa akaacha (usiniulize bado ni nani), Lesian atapona, na kupona kwake ndiko kutakuwa hukumu ya mkewe. Ndoa imekwisha, mtoto amebaki, na jina lake litakuwa yule aliyemwekea mumewe sumu kwenye kibuyu.

Asubuhi ya kuondoka alifunga nguo zake kwenye kanga. Hakuwa na nyingi. Alipomaliza akaona mkwe anayejiheshimu haondoki vyombo vya mama mkwe vikiwa vichafu. Akaenda jikoni kwa Yeyo. Yeyo alikuwa nje anakusanya kuni.

Sufuria ya supu ilikuwa pembeni, imeshamiminwa. Bakuli la Lesian lilikuwa juu ya meza, limefunikwa, linasubiri lipoe kidogo. Nashilu aliinamia kikombe cha bati cha kuchotea, akamwagia maji akisugue. Ndani kulikuwa na masalia ya supu.

Na punje nyeupe.

Akazitazama. Akachovya kidole, akazisogeza kwenye mwanga wa mlango. Mungu wangu. Zile punje angezitambua hata gizani. Ni ndogo, mviringo, hazitaki kuyeyuka, zinang'ang'ania ukingoni. Alikuwa amezitikisa kwenye maziwa mwaka mzima na zaidi.

Akafunua bakuli la mumewe. Zilikuwa zinaelea humo.

"Weka chini."

Yeyo alikuwa mlangoni, mzigo wa kuni mgongoni. Hakupiga kelele. Aliushusha ule mzigo, akakaa juu yake, ghafla akaonekana mzee.

"Yeyo," alisema Nashilu. "Na wewe?"

"Na mimi."

"Tangu lini?"

"Ulipokwenda kumzika shangazi yako, mwaka jana. Hukuwepo juma zima. Tumbo likamrudia mwanangu, akalia hapa, amelala palepale ulipo. Mimi nampa mizizi, anatapika. Nampa, anatapika. Na wateja wananisubiri nje, wametoka mbali, wamesikia alivyonisifu kanisani." Akajifuta pua kwa shuka. "Nikachukua boksi tupu lililokuwa juu ya kabati lenu, nikaenda nalo duka la dawa. Nikamwambia muuzaji, nipe kama hizi. Akapata nafuu siku ya pili. Nikasema asante Mungu, na sikuacha tena."

"Kumbe tulikuwa tunampa wawili."

"Kumbe."

"Na siku Simaloi alipomwaga yale maganda uliyajua."

"Niliyajua, mwanangu. Nilikufa palepale nimekaa."

"Ukanyamaza!"

"Nikanyamaza." Yeyo hakuinua macho. "Nikasema moyoni, wewe ukiacha, itabaki yangu moja tu. Moja si nyingi. Hata daktari si alisema moja si nyingi?"

"Hakusema hivyo, Yeyo."

"Mimi ndivyo nilivyosikia."

Nashilu alitaka kumchukia, akashindwa. Aliona jinsi mikono ile ilivyochanika kwa kuchimba mizizi mlimani toka ujana, na alijua ni mapenzi yale yale yaliyompeleka yeye duka la dawa. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Wao wawili walikuwa wameyaficha maradhi ya mtu mwingine, naye ndiye anayekufa.

"Yeyo, niende nikaseme?"

Mama mkwe alimshika pindo la gauni. Mwanamke ambaye alimpokea kwenye mji huu akiwa bibi harusi, akampaka mafuta, akampa jina, alimshika pindo kama mwombaji.

"Wewe ni kijana," alisema. "Una kaka, una pa kwenda. Akikukasirikia leo, kesho atakukumbuka. Mimi nikikosa neno langu nina nini? Wote walionunua kwangu watasema niliwauzia kuni. Na yeye... Nashilu, alimnadi mbuzi yule kwa jina langu. Mwache mwanangu abaki na mama."

"Na mimi nibaki na nini?"

Yeyo alilia bila sauti. "Nitaacha. Nakuapia. Kuanzia kesho simpi."

"Kesho nitakuwa Tengeru. Ukiacha kesho, atapona nikiwa Tengeru."

 Yeyo alilijua hilo, nadhani, hata kabla ya kuambiwa.

Fimbo ikasikika nje inagonga mawe. Tok. Tok. Lesian alikuwa anakuja mwenyewe, hatua moja na pumzi, hatua moja na pumzi. Aliingia ameshika fremu ya mlango, akaketi kwenye kigoda kwa kujiangusha. Nguo zilimning'inia. Alimwona mkewe, akamwona mama yake ana machozi, akaelewa alivyotaka kuelewa.

"Usimlilie, Yeyo," alisema. "Hafukuzwi. Anakwenda kupumzika."

Kisha akanyoosha mkono.

"Supu yangu iko tayari?"

Yeyo akasimama. Nashilu alimtazama, akimwomba kwa macho, Yeyo, sasa, sema sasa, sitakuacha peke yako. Mama mkwe alilichukua lile bakuli kwa mikono miwili. 

"Kunywa, mwanangu," akasema.

Lesian akalipokea. Hakulichungulia. Aliinua uso, akafumba macho, kama alivyokuwa akifanya zamani kwa kibuyu cha mkewe.

Nashilu akaruka akashika ukingo wa bakuli.

"Usinywe!"

Lesian akafumbua macho. Hakukasirika. Alikuwa amechoka mno hata asiweze kukasirika. Alimtazama mwanamke aliyezaa naye, aliyemnywesha, aliyempenda, akauliza kwa ile sauti ndogo iliyobaki ya dalali:

"Kwa neno la nani, Mama Naipanoi? La kwako?"

Nashilu akageuka kumtazama Yeyo.

Yeyo alikuwa amechuchumaa, amewapa mgongo wote wawili, anachochea moto.